Nati zinalegea, dawa tunaisafirisha ikiwa kwenye ganda

Haya wadau, leo siasa za vyama naziweka pembeni. Naongelea nati. Msicheke kwanza.

Mwezi uliopita bro wangu, dereva wa bodaboda pale Mbagala, alirushwa na pikipiki yake mwenyewe. Hakugongwa na mtu. Kuna kile chuma kinachoizuia breki ya nyuma isizunguke pamoja na tairi. Bolti yake ililegea kidogo kidogo mpaka ikadondoka, alipokanyaga breki tu tairi likabana. Mkono umevunjika, na tajiri anataka hesabu yake kama kawaida.

Nikamfuata fundi aliyeifunga. Akaapa kwamba aliweka springi washa. Na kweli aliweka, ndo maana nimeamua kuandika. Mwaka 1969 mhandisi mmoja, Gerhard Junker, alionyesha kwamba adui mkubwa wa nati ni mtikisiko wa kwenda pembeni. Vyuma viwili vilivyobanwa pamoja vikianza kucheza kushoto kulia, nyuzi za bolti zinapoteza mshiko kidogo kila mara na nati inajifungua yenyewe, bila mkono wa mtu. Na ile springi washa? Ukishakaza inalala bapa, inakuwa washa kama washa nyingine. Kitabu cha NASA cha mwaka 1990 kuhusu bolti kinasema wazi kwamba kwa kazi ya kuzuia kulegea haifai kitu. Sisi tunaivaa kama hirizi.

Msidhani ni shida ya watu wa vumbi peke yao. Mei 2002 pale Potters Bar, Uingereza, treni iliacha reli na watu 7 wakafa. Wachunguzi walikuta nati za sehemu ya kubadilishia njia zimelegea, nyingine hazipo kabisa. Kampuni ya reli ilipigwa faini ya pauni milioni 3 mwaka 2011. Miaka tisa baadaye!

Dawa ipo. Mwaka 1953 profesa wa kemia Vernon Krieble, kule Hartford, Marekani, alitengeneza gundi ya ajabu: ikiwa na hewa inabaki majimaji, ikibanwa kati ya chuma na chuma bila hewa inaganda. Ndiyo hiyo Loctite. Tone moja linajaza uwazi kati ya nyuzi, bolti haina nafasi ya kucheza tena. Mafundi wetu wengi wanaijua, ila kichupa chake ni kidogo na bei yake sio ya mtu anayelipwa buku mbili kufunga breki. Kwahiyo wanapaka rangi ya kucha. Nilicheka, halafu nikasoma: rangi ya kucha inagandishwa na nitroselulosi, kitu kinachotengenezwa kutokana na pamba au miti. Kumbe fundi alikuwa anatumia kitu kilichotokana na mmea bila kujua. Inasaidia skrubu ndogo ya taa. Kwenye breki, hapana.

Hapo ndo nikakumbuka nyumbani. Sisi tuliokulia Masasi tunayajua mafuta ya ganda la korosho. Ukikaanga bila kujihadhari yanakubabua vidole mpaka ngozi inatoka. Mafuta hayohayo viwanda vya nje vinayasafisha, yanatoa kitu kinaitwa kardanoli, na kutoka hapo wanapata utomvu wa kwenye pedi za breki, rangi za meli na gundi za epoksi. Wakemia wameshaigeuza kardanoli kuwa metakrileti pia, na metakrileti ndiyo familia ya gundi ya Krieble. Namaanisha njia ya kemia ipo, sio ndoto yangu ya kahawa.

Sasa piga hesabu. Kwenye korosho ghafi sehemu kubwa ya uzito, kama asilimia 70, ni ganda, na karibu robo ya ganda ni hayo mafuta. Tani moja ikipanda meli kwenda India au Vietnam, imebeba zaidi ya kilo 150 za mafuta. Kwenye mnada nani ameyataja? Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, nchi nzima tulibishana bei ya kilo. Ganda halikuwemo kwenye ubishi. Na tuliwahi kujenga viwanda 12 vya kubangua, vingi vikaishia kufungwa. Leo wakiongelea kubangua wenyewe wanaongelea punje na ajira za kina mama, sawa kabisa, lakini ganda linaonekana uchafu wa kuchoma.

Tahadhari kwa wenye haraka: usichukue mafuta mabichi ukapaka kwenye bolti, yatakuunguza na hayatashika. Na nati za magurudumu ya gari hazipakwi gundi yoyote. Zinakazwa kwa kipimo na zinakaguliwa tena baada ya safari fupi. Bro wangu saa hizi anakagua kila asubuhi, kwa mkono mmoja.

Nawauliza wadau wa Newala, Tandahimba na Mtwara mjini: kiwanda cha karibu yenu kinafanya nini na maganda? Kuna anayekamua mafuta, anauza kwa nani? Tupieni maoni hapo chini, na wale wa VETA mnaosoma ufundi nanyi mseme mnafundishwa nini kuhusu springi washa.