Chokea inayorudi palepale si ya kuchezea

Hakuna nyumba isiyoijua chokea. Kope inavimba, inauma siku chache, unaikanda kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, kisha inapasuka au kunywea yenyewe. Wakati mwingine hubaki kinundu kigumu kisichouma, ambacho daktari wa macho hukipasua na kukikwangua. Kwa watoto na vijana, karibu kila mara habari huishia hapo. Mzazi usikose usingizi.

Lakini ipo saratani adimu inayokuja kwa sura hiyohiyo. Huanzia kwenye tezi za mafuta zilizo ndani ya kope, na hupenda zaidi kope ya juu kwa kuwa ndiyo yenye tezi nyingi. Wagonjwa wengi ni watu wa miaka 60 na kuendelea. Kwa kuwa mara nyingi haiumi, mgonjwa anaweza kuzunguka miezi mingi na dawa za matone huku ugonjwa ukielekea kwenye tezi za mbele ya sikio na chini ya taya.

Yapo mambo yanayopaswa kukushtua: uvimbe unaorudi palepale baada ya kupasuliwa, nywele za kope kunyonyoka mahali hapo, ukingo wa kope kuwa mnene, wa manjano au wenye kidonda kisichopona, na jicho moja tu kuwa jekundu kwa muda mrefu bila kusikia dawa.

Saratani hii haithibitishwi kwa kutazama wala kwa kipimo cha damu. Inathibitishwa kwa kukata kipande cha nyama na kukipima maabara. Hapo ndipo nina neno na madaktari wenzangu. Nyama iliyokatwa kwenye kope ya mtu mzima, hasa uvimbe uliorudi, isiishie kwenye ndoo ya taka. Najua kipimo kina gharama, na najua mgonjwa wa mbali anahesabu nauli ya kurudi kufuata majibu. Lakini gharama ya kuchelewa ni kubwa zaidi.

Tiba kuu ni upasuaji. Uvimbe huondolewa pamoja na sehemu ya nyama inayouzunguka, kingo zikachunguzwa kuhakikisha hakuna mabaki, kisha kope hutengenezwa upya. Ukiwahi, mara nyingi jicho hubaki na linaona. Ukichelewa, huenda tukalazimika kuliondoa jicho lote ili kuokoa maisha.

Wazazi ambao watoto wao walitibiwa kwa mionzi kwa sababu ya saratani ya jicho ya utotoni wazingatie hili: hatari ya saratani hii kwenye kope inaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Mtoto huyo akikua, kliniki ya macho asiiache, na historia yake aijue.

Wengine, watazameni wazee wenu usoni. Babu au bibi hatalalamika kwa kitu kisichomuuma. Ukimpeleka na uvimbe ukakatwa, usitoke chumbani kabla ya kuuliza: "Daktari, nyama hii inapelekwa maabara? Majibu yake tuyafuate lini?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa, na daktari makini atafurahi kuulizwa.