Mti Mkavu wa Rungwa

Kwenye semina tulioneshwa mchoro wa Carl Wilhelm Kolbe (1759–1835), Mjerumani wa enzi za Ulimbwende aliyechora mialoni hadi akabandikwa jina la Kolbe wa Mialoni. Mti mzee, matawi yamevunjika, gome limebanduka. Mti mkavu unaashiria nini? Tukajibu kama kwaya: kifo, upweke, udogo wa binadamu mbele ya maumbile. Wote tukapata alama.

Nami nilijibu hivyo, mtoto wa Rungwa, Singida. Bado naona aibu.

Kwetu ukikuta mti mkavu umesimama porini, gome limevuliwa kuzunguka shina, swali lako la kwanza ni nani kapita hapa. Gome limekuwa mzinga, mzinga umetundikwa mti wa jirani, na una mwenyewe. Ndiyo, mti umekufa, na wanaohimiza mizinga ya mbao wana hoja. Ila hakuna upweke hapo. Kuna mtu na kazi yake.

Majani je? Ulaya jani jekundu linaaga. Kwenye miombo, Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, wekundu ni wa majani machanga. Ukiisoma miombo kwa kamusi ya Kolbe, utaomboleza siku ya kuzaliwa.

Mtasema haya ni mabishano ya darasani. Tazameni basi picha za kuuzia utalii: mti mmoja, jua linazama, hakuna binadamu. Ni Ulimbwende uleule, umetiwa rangi tu. Pori la Akiba Rungwa lilitangazwa mwaka 1951, na mrina asali asiye na kibali akiingia humo ni mvamizi. Sipingi kulinda tembo. Napinga jicho linaloona pori limekamilika pale tu mtu anapofutwa.

Na michoro ile ilitengenezwaje? Bamba la shaba hupakwa utando wenye nta ya nyuki, msanii akachora kwa sindano, tindikali ikala shaba palipokwaruzwa. Nta! Bidhaa ambayo nchi hii imeiuzia Ulaya tangu utawala wa Wajerumani. (Sidai Kolbe alitumia ya kwetu, alishafariki zamani.) Semina nzima, nta haikutajwa hata mara moja. Tulikuwa tunatafuta alama.

Mtihani ni mwezi ujao. Swali la mti mkavu likirudi, nitaandika mzinga. Wakitaka wanikate maksi.