Mshahara Tulioupigania Usiishie Katika Kamari

Ndugu wanachama,

Leo nataka tusemezane juu ya adui aliyeingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi. Jina lake ni kamari.

Zamani mtu wa Nairobi aliyetaka kuweka dau juu ya farasi alifunga safari mpaka uwanja wa Ngong, na watu wakamwona. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa mfuko wa pesa, na kampuni za kamari zimepata mlango wa kuingilia mfukoni humo. Mtu hucheza akiwa kitandani, akiwa ndani ya matatu, na, jambo la kutisha zaidi, akiwa zamu ya usiku. Ndugu zangu, treni haimngojei mtu amalize mchezo.

Nitawapa mfano wa kweli, bila kutaja jina. Mwenzetu mmoja, fundi hodari na mtu mpole, aliomba mkopo wa shilingi 120,000 katika ushirika wa akiba, akasema ni karo ya watoto. Tulimdhamini watu wanne, nami nikiwa mmoja wao. Pesa ile haikumaliza siku mbili. Aliipeleka katika ule mchezo wa ndege inayopaa, ambao ukichelewa kutoa pesa yako ndege imekwisha kwenda nayo. Kisha akakopa mikopo midogo ya simu ili airudishe iliyopotea, na hiyo nayo ikaenda. Mwezi wa tatu mshahara wake haukutosha kulipa deni, tukaanza kukatwa sisi wadhamini. Watoto wake walirudishwa nyumbani kwa karo, na wa kwangu wakala ugali kwa chumvi.

Jambo hili lilipoletwa mkutanoni, wanachama wengine walisema, "Pesa ni yake, chama kinahusika nini?" Nawajibu hapa: Mchuma janga hula na wa kwao. Januari 1947 wafanyi kazi wa bandari na wa reli walisimamisha kazi Mombasa kwa sababu mshahara haukutosha kumlisha mtu. Kila nyongeza tuliyopata tangu siku hizo imetoka mezani, kwa maneno mengi na kwa umoja. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 nayo yamkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara, ili theluthi moja ibaki kwa chakula. Je, yafaa tumzuie mwajiri kuigusa theluthi hiyo, kisha tuipeleke kwa kamari kwa vidole vyetu wenyewe?

Mimi sijitoi. Siku moja nilishinda shilingi 4,300, nikaonyesha ujumbe ule kwa kila mtu katika genge letu. Vijana wawili walianza kucheza kwa sababu yangu. Zile siku nilizopoteza sikumwonyesha mtu. Hivyo ndivyo uongo huu unavyoenea: anayeshinda hupiga kelele, anayepoteza hunyamaza.

Sasa tupige hesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Tuseme timu mbili zina nguvu sawa, na lazima moja ishinde. Wewe umeweka shilingi 100 kwa hii, nami 100 kwa ile. Haki ni mshindi apate 200. Kampuni itatoa, tuseme, 190. Kumi imebaki kwao, ashinde nani, ashindwe nani. Ukiunganisha mechi kumi za namna hiyo katika tiketi moja, kila mechi huuma kidogo, hata thamani ya shilingi yako 100 inabaki karibu 60 kabla mpira haujapigwa. Na ile jakpoti ya mechi 17? Kila mechi ina njia tatu: kushinda, kushindwa na sare. Jumla yake ni njia 129,140,163. Mtu wa kubahatisha tu, akiweka tiketi moja kila siku, angehitaji zaidi ya miaka 350,000 kuzimaliza zote. Basi fahamuni kwamba katika mchezo huu mwenye kubahatisha ni wewe peke yako. Kampuni haibahatishi.

Mwaka 2025 sheria mpya ya kamari ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1966. Ni vyema. Lakini sheria haitakaa karibu nawe saa nane za usiku ukiwa na simu mkononi. Mwenzako ataweza.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, tusimcheke aliyenaswa. Huu ni ugonjwa kama ulevi, na mtu akichekwa hujificha na kuzidi kuzama. Pili, aliyenaswa amwendee mwakilishi wake wa chama kabla ya kuomba mkopo mwingine, na mwakilishi atunze siri. Tatu, afunge akaunti yake ya kamari, na siku ya mshahara pesa ya chakula na karo itoke kwanza, mke au mume akijua. Asikimbilie kurudisha iliyopotea, maana hapo ndipo shimo lilipo. Nne, mdhamini aulize mkopo ni wa nini, na kama ni karo, ilipwe moja kwa moja shuleni.

Yule fundi bado yuko nasi. Juzi alisimama mbele ya genge akasema yote yaliyompata, machozi yakimtoka. Amebakiwa na deni la miezi mingi, nasi tunalilipa pamoja naye. Sijutii kumsaidia. Najuta kwamba nilimwona akiinamia simu kila mapumziko, wala sikumwuliza neno.

Ndugu, mwulize mwenzako leo. Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Mhariri