Hasira Iliyofungiwa Moyoni Haijaisha

Tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, viongozi wa serikali, wa dini na wa vyama wamekuwa wakituhimiza amani kila wanaposimama mbele yetu. Hakuna mwenye akili timamu anayeikataa amani, na sisi wa Rungwe tunayo sababu ya kuithamini: barabara ya kutoka Mbeya kupitia Tukuyu hadi Kyela na mpakani Kasumulu ikifungwa siku mbili tu, ndizi zinaivia njiani na maziwa yanamwagwa. Lakini katika wito huo mna jambo linalonitia wasiwasi. Wengi wanaotaja amani wanataka watu wanyamaze. Aliyefiwa anaambiwa asahau, aliyeshindwa anaambiwa akubali, kijana anayeuliza anaambiwa ametumwa, kisha ukimya unaofuata unahesabiwa kuwa mafanikio. Nasema wazi kwamba ukimya wa namna hiyo ni wa hatari kuliko mabishano, na kwamba wazee wa milima hii walilijua hilo kabla hapajawa na chama chochote cha siasa nchini.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea, maana mawaidha yasiyosimama juu ya ukweli ni kelele. Aprili 2025 mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, alishtakiwa kwa uhaini, na siku chache baadaye Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama chake hakitashiriki kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye akaenguliwa katika kinyang'anyiro cha urais. Siku ya kupiga kura maandamano yalizuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tunduma na kwingineko. Risasi zikapigwa, majengo na magari yakachomwa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa na watu wa Dar es Salaam wakaamriwa kutotoka nje usiku. Matokeo yalipotangazwa, Rais Samia Suluhu Hassan alipewa karibu asilimia 98 ya kura, akaapishwa Dodoma Novemba 3. Waliokufa ni wangapi, serikali na wapinzani wake hawajakubaliana. Kwamba watu walikufa, hakuna anayekana. Rais mwenyewe alitoa pole bungeni Novemba 14, akaomba vijana waliofuata mkumbo wafikiriwe, na akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 hazikufanyika mwaka ule.

Haya si mambo ya Dar es Salaam peke yake. Siasa ya vyama inaingia kijijini kwetu kwa njia ambayo mtu wa mjini hawezi kuiona upesi. Mtazame balozi wa nyumba kumi. Huyu ni kiongozi wa CCM, si mtumishi wa serikali, na tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992 sheria haimpi mamlaka juu ya mtu asiye mwanachama wake. Hata hivyo mke na mume wakigombana usiku, au ng'ombe akiingia katika shamba la jirani, anayegongewa mlango mara nyingi ni yeye. Juu yake yuko mwenyekiti wa kijiji, mwenye muhuri na barua za utambulisho, na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama kimoja kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya viti hivyo nchi nzima. Basi mfikirie mtu wa Kiwira au Mwakaleli anayejulikana kuwa wa upinzani, ambaye ameona wagombea wake wakikatwa kwa kasoro za fomu, na kesho anakwenda kuomba barua kwa mtu yuleyule aliyepita bila kupingwa. Atasalimia kwa adabu, atapewa barua, atashukuru. Lakini moyoni ameweka jambo. Mwaka unaofuata ataweka jingine. Hatari ninayoizungumzia inajengeka hapo, katika salamu za adabu zisizo na ukweli ndani yake.

Wanyakyusa wa zamani, wenyeji wa milima hii, waliiogopa hali hiyo kuliko vita. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi katika nchi hii miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu juu ya ibada za ukoo na za kijiji, na jambo linalojitokeza tena na tena ni hili: ndugu waliokosana hawakuruhusiwa kukaa pamoja katika ibada kana kwamba hakuna kitu. Kila mmoja alitakiwa kwanza aseme hasira yake kwa kinywa, mbele ya wengine, na mwenzake aisikie. Aliyetabasamu huku amekasirika ndiye aliyeogopwa, kwa sababu iliaminiwa kuwa hasira yake iliyofichwa italeta maradhi juu ya watoto na mifugo. Utawala nao ulikuwa na masharti yake. Malafyale, yaani chifu, hakutawala peke yake. Walikuwapo amafumu, viongozi wa vijiji wasiotoka katika ukoo wake, walioweza kumwambia kwamba watu wamechoka. Tena kizazi cha wazee hakikung'ang'ania. Vijana walipokomaa ilifanyika sherehe ya ubusoka, nchi ikakabidhiwa kwa wana, na kila mtu alijua mapema kwamba zamu hiyo itafika.

Nisieleweke kwamba nasifu kila la zamani. Watu hao hao waliwanywesha wenzao mwavi ili kumjua mchawi, na waliofukuzwa kijijini kwa tuhuma tupu walikuwa wengi. Na hapo pana funzo la pili, lililo kubwa kama la kwanza. Hasira ikisemwa mahali pasipo na mwamuzi wa haki, inageuka tuhuma, na tuhuma inatafuta mtu wa kumchoma. Kwa hiyo watu wanahitaji mawili kwa pamoja: ruhusa ya kusema lililo moyoni, na masikio ya mtu asiyekuwa upande wa yeyote. Nchi yetu kwa sasa inabana la kwanza na haina la pili. Aliyeshindwa udiwani au ubunge anaweza kufungua kesi. Lakini Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Yaani shauri kubwa kuliko yote, linalowagusa Watanzania wote, ndilo lisilo na hakimu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa nchini, Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, na ikaagiza irekebishwe. Wala si matakwa ya wapinzani tu. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaka matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani, na hata Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa mwaka 2014 na Bunge Maalum lililojaa wana CCM baada ya wapinzani kutoka nje, ililikubali jambo hilo. Chama tawala kilishaona kwamba linafaa. Kilichokosekana ni kulitekeleza.

Jirani zetu wa Kenya walilipa gharama kubwa kujifunza hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, walioamini kwamba wameibiwa walikataa kwenda mahakamani kwa sababu hawakuziamini, wakaenda barabarani. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Kisha wakaandika Katiba mpya ya mwaka 2010, wakaunda Mahakama ya Juu. Septemba 1, 2017 mahakama hiyo ilifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Septemba 5, 2022 ikauthibitisha ushindi wa William Ruto, na mpinzani wake Raila Odinga akasema hakubaliani na hukumu lakini anaiheshimu. Siwafanyi Wakenya kuwa malaika. Mwaka 2017 damu ilimwagika pia, na vijana wao wameuawa katika maandamano ya miaka ya karibuni. Lakini ugomvi uleule wa urais, kati ya watu wenye chuki zilezile za zamani, ulikwisha namna moja ulipokosa hakimu wa kuaminiwa na namna nyingine kabisa ulipompata.

Atasimama mtu aniulize: mbona Marekani, yenye mahakama za zaidi ya miaka 200, ilivamiwa Bunge lake Januari 6, 2021? Swali ni la haki. Donald Trump na wafuasi wake walifungua kesi zaidi ya 60 kuhusu uchaguzi wa 2020, wakashindwa karibu zote, na bado umati ulipanda ngazi za Bunge kwa nguvu. Lakini tuangalie kilichofuata. Madaraka yalikabidhiwa Januari 20 kama sheria inavyotaka, na waliovunja milango walishtakiwa, ingawa Trump aliporudi madarakani mwaka 2025 aliwasamehe wapatao 1,500. Mahakama ziliizuia nchi isianguke. Hazikuweza kuwarudisha watu kwenye meza moja. Ugonjwa wa Wamarekani umeingia ndani zaidi ya sheria. Tafiti za huko zinaonyesha kwamba kwa miaka mingi sasa wafuasi wa vyama viwili wamezidi kuchukiana wao kwa wao, si kupinga sera tu, hata mzazi anaudhika mtoto wake akitaka kuoa upande wa pili. Mtaa mmoja unakuwa wa chama kimoja, gazeti na kituo cha televisheni vivyo hivyo. Watu wa namna hiyo, hata ukiwapa hakimu mwenye haki, badala ya hukumu watasoma kwanza jina la aliyemteua.

Sisi hatujafika huko, na hiyo ndiyo mali tuliyonayo isiyoandikwa katika bajeti yoyote. Nenda kituo cha kununulia majani mabichi ya chai asubuhi: kapu la mwana CCM na la mwana CHADEMA yanafuatana kwenye mzani mmoja, na karani haulizi kadi ya mtu, wote wawili wanalalamikia bei ileile. Nenda msibani: akina mama wanafika na mikungu ya ndizi na maharage, vijana wanapokezana jembe kaburini, na hakuna anayekumbuka marehemu alipiga kura wapi. Lakini dalili za kuharibika zimeshaanza. Kuna tisheti za chama zinazovaliwa msibani, kuna viongozi wanaopewa nafasi ya kusema siasa jeneza likiwa mbele yao, kuna vikundi vya kuweka na kukopa vinavyovunjika baada ya kampeni. Siku kaburi la mtu litakapochimbwa na wa chama chake peke yao, tutakuwa tumepoteza kitu ambacho Tume ya Uchaguzi haiwezi kukirudisha.

Wapo wanaosema kuzungumza yaliyotokea ni kutonesha kidonda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Zanzibar ugomvi haukumalizwa kwa mazungumzo baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, na Januari 2001 watu wakapigwa risasi, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Utulivu haukuletwa na kusahau. Ulipatikana Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na mpinzani wake Seif Sharif Hamad walipokutana ana kwa ana. Julai 2010 theluthi mbili ya wapiga kura wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu usiokuwa umeonekana visiwani tangu vyama vingi virudi. Mwaka 2015 matokeo yalipofutwa, wapinzani wakasusia uchaguzi wa marudio na imani ile ikavunjika. Maridhiano yanajengwa kwa kusemezana, na yanabomoka mwenye nguvu anapoacha kusikiliza.

Na ninyi vijana mliokasirika, neno langu ni lenu pia. Madai yenu mengi ni ya kweli. Lakini kuchoma duka la mtu kwa kuwa aliimba katika kampeni, au kumwita jirani msaliti kwa kuwa ana kadi ya kijani, ni kufanya walichofanya waliomnywesha mtu mwavi: kutoa hukumu bila shauri. Mkimhukumu jirani kwa rangi ya kadi yake, mnawapa wenye mamlaka kisingizio cha kuwahukumu ninyi kwa namna hiyo hiyo. Mnaodai hakimu wa haki kwa taifa, anzeni kuwa mahakimu wa haki mtaani kwenu.

Basi haya nayaomba yafanyike Rungwe bila kungoja Dodoma. Wachungaji wa Moravian na wa KKKT, mapadre na mashehe waitishe mabaraza ambamo aliyefiwa au aliyefungiwa ndugu atasema kwa jina la ndugu yake, na polisi na viongozi wa chama wakae wasikilize bila kujibu siku hiyo. Wenyeviti wa vijiji waache kuuliza msimamo wa mtu anapokuja kuchukua barua. Wazee wa misiba wapige marufuku tisheti za chama, za rangi yoyote. Na kila mbunge wa Rungwe na wa Busokelo anapokuja kutusalimia, aulizwe mkutanoni, kabla ya barabara na kabla ya zahanati, ni lini atapeleka bungeni hoja ya kuifuta Ibara ya 41(7).