Boxer au TVS? Waulizwe wanaoshuka

Najua nimeadimika hapa kwa wiki kadhaa, na wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilitumwa Mwanga kuandika habari ya magugu yanayolimeza Ziwa Jipe, na habari hiyo imeshatoka gazetini. Kuna jambo moja ambalo halikuingia. Mhariri alilisoma, akavua miwani, akaniambia: "Dogo, hizi ni porojo za kijiweni." Basi nimezileta huku.

Porojo zenyewe ni hizi: kwa nchi ile ya vumbi na milima, pikipiki ipi ni bora, Boxer au TVS?

Usicheke. Ukitaka kuona watu wazima wanakaribia kushikana mashati, simama stendi ya Mwanga uulize swali hilo. Na hawa ni Wapare jamani, watu ambao utani wa nchi nzima unasema wako tayari kuuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. (Mimi mwenyewe bibi mzaa mama ni wa huko, kwa hiyo nina ruhusa ya kusema.) Wa Boxer wanasema ina nguvu ya chini, inapakia magunia na haiulizi. Wa TVS wanasema injini yake ina roho ngumu na inanusa tu petroli. Mzee mmoja muuza magazeti alikaa pembeni akisubiri wachoke, kisha akasema zote ni za Wahindi, sasa mnagombea nini? Ni kweli. Bajaj, wanaotengeneza Boxer, makao yao ni Pune, na TVS wana kiwanda Hosur, kusini zaidi. Zamani kidogo ubishi ulikuwa mwingine. Miaka ya 2000 ilipoingia SanLG na wenzake kutoka China, na Toyo ikawa maarufu mpaka sehemu nyingine kila pikipiki ikaitwa toyo, watu walibishana juu ya hizo. Leo hizo ukiziona nyingi zimeegemezwa ukutani kwa fundi, zinachangia vipuri.

Sasa tuondoke stendi. Ukitoka Mwanga kwenda ziwani unapita Kwakoa, na huko ndiko utajua vumbi ni nini. Wa Dar mnadhani mnalijua. La Jipe wakati wa kiangazi ni laini kama unga wa muhogo, na pale magari yalipokanyagia linajaa kwenye mifereji kiasi cha kufunika kifundo cha mguu. Gurudumu la mbele likiingia humo halishiki kitu. Usukani unakuwa kama wa mashua, na ukikaza mikono ndiyo unaanguka. Dereva wangu, kijana ambaye hapa nitamwita dogo tu, aliniambia: "Braza, kaa mzito nyuma, legeza mabega, usinisaidie." Nikakaa mzito nyuma.

Pale kwenye vumbi nilianza kuona kwamba ubishi wa stendi una kasoro. Boxer na TVS zote ni pikipiki za barabara. Matairi yake ni membamba, ya kukata lami. Zinafika Jipe kwa sababu vijana wanazilazimisha, na kwa sababu wanabadilisha tairi la nyuma wakaweka la kashata, lile lenye meno. Chujio la hewa wanalikung'uta jioni kama mtu anavyokung'uta mkeka. Asiyelikung'uta, injini inakula vumbi na kabla ya mwaka inaanza kutoa moshi wa bluu, halafu anakuja stendi kusema chapa hiyo ni mbovu.

Zipo pikipiki zilizotengenezwa kwa shida kama hii. Wakubwa mnaikumbuka Yamaha AG100 ya bwana shamba: cheni yake yote imo ndani ya boksi, vumbi halioni pa kuingilia. Au ile Honda XL ya maofisa wa miradi, gurudumu la mbele inchi 21, linapanda juu ya jiwe badala ya kugongana nalo. Hizo zilikuja na serikali, wafadhili na mashirika. Kijana wa bodaboda hakuwahi kuwa mteja wake.

Jioni ile nilikaa ukingoni mwa ziwa, kwenye upenyo mdogo ambao magugu yameuacha, nikasubiri wavuvi. Upande wa pili ni Kenya, hifadhi ya Tsavo Magharibi. Mawingu yalipofunguka kaskazini, Kibo akatokea na theluji yake, nami nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma usiku nikiwa na bando la bure. Huko Marekani na Kanada wana pikipiki za theluji. Wanabishana juu yake kama sisi, Ski-Doo au Polaris, na theluji wanayoitafuta ni ile laini, ya kuzama kiunoni. Kinachoshindaniwa ni chombo gani hakizami. Kwa hiyo wanaviwekea mkanda mrefu chini, hata inchi 165, zaidi ya mita 4, wenye meno marefu. Na kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi na injini inakosa pumzi, kwa matoleo ya mwaka 2021 Ski-Doo walileta chombo chenye turbo kutoka kiwandani, nguvu farasi 165, na haipungui hata ukipanda mita 2,400.

Farasi 165, kwa ajili ya kucheza! Boxer 150 ina kama 12, na kazi yake ni kumpeleka mama mjamzito hospitali.

Sisemi hivyo kwa kuwaonea wivu. Nilichojifunza kwao ni namna ya kuuliza swali. Wao hulinganisha chombo kwa mahali kinapokwenda, sisi tunalinganisha kwa sifa za stendi. Hebu tuulize basi, pikipiki inayotoka Jipe inakwenda wapi?

Inakwenda mlimani. Ziwa liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kindoroko, mlima unaoitazama nchi hiyo, kina mita 2,113. Kwa miaka mingi hospitali ya wilaya ilikuwa Usangi, juu huko, kwa hiyo mgonjwa wa bondeni ilibidi apandishwe. Samaki wa Jipe wanapanda, ndizi zinashuka. Kule Same ni hivyo hivyo, tangawizi ya Mamba Miamba inashuka kwa magunia. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo farasi 12 wa pwani wakifika Ugweno wawili hawapo. Vijana wamelitatua hilo bila kiwanda. Wanafunga sproketi kubwa zaidi nyuma, gia ya kwanza inakuwa fupi, pikipiki inapanda taratibu kama punda lakini inapanda. Ubaya wake, bondeni injini inalia kwa kasi ndogo na petroli inakwenda zaidi. Ndiyo maana wengine wameirudisha ile ndogo.

Sisi tulipanda vizuri. Nikiri kwamba nilifurahi mno, hewa ilikuwa baridi, nilikula makande kwa mama lishe mmoja Usangi na nikapata hamu ya kuacha kazi nikalime. Tulipomaliza shughuli katika kijiji cha juu zaidi tukaanza kushuka njia ya udongo, na hapo dogo akazima injini.

Mnaopanda bodaboda za milimani mnaijua hiyo. Anaweka nyutro, anazima, na ghafla unasikia ndege na upepo. Ni raha sana. Tulishuka hivyo kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nadhani ilikuwa ya sita au ya saba, nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua, na dogo akaanza kukanyaga breki kwa kurudia kama mtu anayekanyaga cherehani. Hakusema kitu. Kona iliyofuata hatukuikata. Kwa bahati upande ule ulikuwa wa ukuta wa mlima, si wa bonde. Tuligonga udongo. Mimi nilichubuka goti na kupoteza kalamu mbili. Dogo alivunjika mkono, karibu na kifundo. Chapa ya pikipiki siitaji, maana upande mmoja utasherehekea na kosa halikuwa la chapa.

Niliporudi nilikaa na kalamu ya tatu nikapiga hesabu, fizikia ya sekondari tu. Pikipiki, watu wawili na mzigo mdogo ni kama kilo 260. Kushuka mita 500 kwa wima na uzito huo kunazalisha joto la kutosha kuchemsha karibu lita 4 za maji. Sehemu inaliwa na upepo na matairi. Injini ikiwa kwenye gia ya kwanza au ya pili nayo inazuia, inabeba sehemu kubwa ya kazi. Ukiiweka nyutro, mzigo wote wanaubeba wale breki shuu wawili wadogo ndani ya dramu, na wakipata moto kupita kiasi hawashiki tena. Unakanyaga, kanyagio kinakubali, chombo hakisikii. Na ile sproketi kubwa ya kupandia ndiyo inayosaidia pia kushuka, kwa kuwa gia fupi inazuia zaidi. Hilo sikulisikia stendi hata mara moja. Wote wanajua pikipiki yao inapandaje.

Nilimuuliza dogo, tukiwa kwenye benchi tukisubiri picha ya mkono wake, kwa nini anazima. Akanitazama kama nimetoka mwezini. "Braza, mafuta ni yangu." Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na tangu hapo kushuka na injini ikiwaka anaona ni kuchoma hela. Pikipiki si yake, analeta hesabu kwa bosi kila jioni, na mapatano yao ni kwamba petroli inatoka mfukoni mwa dogo, matengenezo yanatoka mfukoni mwa bosi. Tazameni ilivyokaa. Akizima injini anaokoa vya kwake na kula vya bosi. Bosi naye si mjinga, anajua vijana wanamaliza breki shuu kwa kuteremka na nyutro, kwa hiyo akiombwa mpya anasema subiri. Kila mmoja anamkomoa mwenzake kwa shilingi mia tatu mia tano, na abiria amekaa katikati. Anachookoa katika mteremko mmoja, kwa hesabu yangu, hakifiki robo lita.

Walio kwenye mkataba, wale ambao wakimaliza kulipa pikipiki inakuwa yao, gharama zote ni zao na angalau hawana wa kumkomoa. Lakini nao wana haraka ya kumaliza deni, na mishikaki wanapakia kama kawaida, ingawa abiria anaruhusiwa mmoja tu.

Wala anayechagua chapa si dereva. Ananunua bosi, aliyeko Moshi au Dar, na anachoangalia ni bei ya kuiuza tena. Boxer na TVS zinauzika, basi. Matoleo yenye diski mbele yapo, hayafi moto kirahisi kama dramu, lakini ni ghali zaidi na diski haimuongezei bosi hesabu ya jioni.

Mtaniuliza, wewe unasemaje? Haya. Kwa bondeni, Kwakoa hadi Jipe, mimi ningechukua TVS 125, kwa sababu kwenye vumbi nataka chombo chepesi na injini ndogo inatosha. Kwa Usangi na Ugweno, na kwa milima ya Same, Boxer 150, tairi la kashata nyuma, sproketi kubwa. Mashabiki wa pande zote mbili nitukaneni kwa zamu. Ila pikipiki yoyote kati ya hizo ikiwa na breki shuu mpya na dereva anayeacha gia ya pili ishuke naye, nitaipanda kabla ya ile nyingine iliyo bora zaidi. Na kama wewe ndiye bosi uliyeko mjini na chombo chako kinafanya kazi milimani, nunua breki shuu mwenyewe, mtumie kijana kwa basi, usisubiri akuombe. Bei yake ni ndogo kuliko nauli yako ya kwenda kumwona hospitali. Tena kaeni muandike upya mapatano: mchangie petroli kidogo, naye akuahidi hazimi injini mlimani. Utamjua kama anatimiza, breki shuu zitakuambia.

Dogo nilimpigia simu juzi. Hogo limetolewa na vidole vinakunja. Pikipiki imenyooshwa usukani na kufungwa taa mpya, ameshaanza kazi. Nikamuuliza habari za breki. Akasema bosi ameahidi mwisho wa mwezi.