Mjadala ukifungwa mapema, mswada huponea wapi?

KATIKA mabaraza ya Mji wa Kale, Mombasa, maongezi ya jioni hayakatwi na mtu ovyo. Hukatwa na adhana, na baada ya swala aliyekuwa na neno lake hurudi akalimalizia. Bungeni mambo ni kinyume. Huko mjadala una mwenye kuufunga, na mara nyingi saa ya kuufunga ndiyo huamua hatima ya mswada kuliko ufasaha wa waliouchangia.

Kanuni za Bunge la Taifa zinamruhusu mbunge kusimama katikati ya mjadala na kuomba mtoa hoja aitwe ajibu. Spika akiridhika kwamba ombi hilo si matumizi mabaya ya kanuni wala halivunji haki za wabunge, huliuliza Bunge papo hapo pasipo mjadala mwingine. Wengi wakiafiki, mtoa hoja hujibu na kura hupigwa. Aidha, Bunge laweza kuzipunguza siku 14 ambazo mswada hungojea baada ya kuchapishwa kabla ya kusomwa mara ya kwanza.

Kanuni hizi zina hekima yake. Bila ya kikomo, wachache wangezungumza hadi mwaka wa Bunge uishe na serikali ishindwe kutawala. Swali ni je, mswada uliofungiwa mjadala kwa pupa hufika mbali kiasi gani?

Wakazi wa kisiwa cha Mombasa wana sababu ya kuuliza swali hilo. Baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 28, 2002, serikali ilichapisha Mswada wa Kukabiliana na Ugaidi mwaka wa 2003. Miongoni mwa vifungu vyake kilikuwamo kimoja ambacho kingemtia mtu hatiani kwa vazi lenye kuzua shaka kuwa yeye ni mfuasi wa kundi la kigaidi. Katika mji ambamo kanzu na buibui ni mavazi ya kila siku, hofu iliyotanda haikuhitaji kufafanuliwa. Viongozi wa Kiislamu, mawakili na watetezi wa haki za binadamu waliupinga vikali, nao haukupata kuwa sheria. Uliandikwa upya mwaka wa 2006, ukapingwa tena. Ni Oktoba 2012 ndipo Rais Mwai Kibaki alipotia saini Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Mjadala ulikuwa umechukua miaka tisa na, ingawa sheria hiyo nayo ina wakosoaji wake, shina lake limesimama hadi leo.

Linganisha na yaliyotokea mwaka wa 2014. Novemba mwaka huo polisi walivamia misikiti ya Musa na Sakina mtaani Majengo na kuwatia mbaroni watu zaidi ya 200. Siku chache baadaye abiria 28 waliuawa ndani ya basi katika kaunti ya Mandera, na mapema Desemba wachimba mawe 36 wakauawa katika kaunti iyo hiyo. Taifa lilikuwa na majonzi na ghadhabu, na serikali ikaleta Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama.

Wiki mbili hazikutimia tangu mswada huo uchapishwe kabla haujapitishwa. Mnamo Desemba 18 wabunge wa upinzani waliimba na kurarua karatasi, kikao kikasitishwa zaidi ya mara moja, lakini jioni upande wenye wingi ulipata ulichotaka. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini kesho yake.

Je, mjadala ulikwisha? La hasha. Ulihamia mahakamani. Mwanzoni mwa Januari 2015 Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu vinane kwa muda, na Februari 23 majaji watano wakavifuta vifungu vinane, kikiwamo kilichotaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000. Kifungu cha kuvibana vyombo vya habari, kilichopachikwa katika ile sheria ya 2012, nacho kilianguka. Ni kweli kwamba vifungu vingi vilisalia. Hata hivyo, vile vilivyofutwa ndivyo hasa ambavyo mjadala mtulivu ungeweza kuvichekecha.

Kuna upande wa pili wa shilingi. Mjadala usiofikia kura pia huua mswada. Mswada wa usawa wa kijinsia ulihitaji kura 233 kati ya wabunge 349 kwa kuwa ulirekebisha Katiba. Novemba 2018 kura iliahirishwa kwa uhaba wa wabunge. Ilipofika Februari 27, 2019, waliokuwamo ukumbini walikuwa 174 tu. Mswada ukafa bila hata kura kupigwa. Hapa silaha ilikuwa viti vitupu.

Juni 25, 2024 funzo lilirudi kwa sura nyingine. Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, huku vijana wakiandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine. Waandamanaji waliingia majengo ya Bunge, na watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Kwa hesabu za ukumbini mjadala ulikuwa umefungwa. Barabarani ndiko ulikokuwa ukiendelea, kwa gharama ya damu.

Wingi wa kura, basi, huweza kuunyamazisha ukumbi lakini hauwezi kuimaliza hoja. Hoja isiyosikilizwa Bungeni hutafuta jaji, na ikimkosa jaji hutafuta barabara. Mkazi wa Mji wa Kale au Majengo ambaye husubiri siku ya kura ndipo aulize mswada wasema nini, huwa amechelewa. Wakati wa kumkabili mbunge wake ni pale siku 14 zinapopunguzwa, kwani hapo ndipo mlango huanza kufungwa.