KUWASHWA: TUSISINGIZIE CHAKULA

Mtoto akiwashwa ngozi, wengi wetu husingizia chakula. Ni kweli, wapo watu wachache ambao miili yao hukataa ngano ya chapati na maandazi. Hao hutokwa na malengelenge yanayowasha kwenye viwiko, magoti na matako. Ugonjwa huo hauambukizi. Mahindi, mtama, mchele na mihogo haviuleti.

Lakini mkiwashwa watu wengi nyumba moja, hasa usiku, na vipele viko katikati ya vidole, mara nyingi huo ni upele. Unaletwa na kidudu kinachochimba ngozi. Kumnyima mtoto chakula hakumponyi, humdhoofisha. Kumtibu yeye peke yake pia hakutoshi. Nendeni zahanati. Pakeni dawa nyumba nzima siku moja. Fueni nguo na matandiko, mvianike juani.